Mengineyo

Ijumaa, saa kumi jioni, Riga imeshaingia giza
na theluji inagonga dirisha kama mtu asiye na haraka.
Ojārs anaitaka orodha kabla ya saa moja.
Naandika:

Tauni sasa husafiri kwa meli, si kwa miguu tu.
Wakulima hawaasi tena wakiwa wamekwisha kufa.
Mfalme wa miaka mitatu hawezi kuoa.
(Wiki jana alioa mara mbili. Tulicheka hadi kahawa ikatutoka puani.)
Bei ya chumvi imepanda, ya manyoya imeshuka.
Askofu aliyekuwa akitembea juu ya bahari
amerudishwa nchi kavu.

Ndiyo kazi yangu, fundi viraka wa karne.
Miaka mia nne inaenea kwenye diski ya ukubwa wa kiganja,
wafalme wamebanana humo kama dagaa,
na kila baada ya miezi mitatu tunawauzia watu
vita walivyokwisha kuvipigana,
safari hii vikiwa na ngoma mpya.

Kipengele cha kumi na tisa:
Kuhamisha wakazi wa jimbo. Gharama imepunguzwa,
kutoka heshima hamsini hadi ishirini na tano.

Aliyelalamika ni Renārs, mjaribu wetu.
Kulisha jimbo lenye njaa ni ghali, alisema,
kulihamisha ni ghali zaidi, basi nani atalihamisha?
Na kitufe kisichobonyezwa ni jasho la bure.
Hesabu zake hazina doa.
Ni kijana mpole; paka wa ngazini kwetu
hunenepa kwa mkono wake.

Bibi Zelma alikuwa na miaka tisa, ilikuwa Machi.
Walipewa saa moja.
Mama yake alibeba cherehani, akasahau viatu.
Yeye alibeba kijiko
kwa kuwa ndicho kilichokuwa mkononi.
Habari za behewa hakuzisimulia.
Alisimulia kijiko:
watu watano, Siberia, baridi nane,
kikizunguka kwa zamu, na ole wake atakayelamba mara mbili.
Ninacho kwenye droo. Ukingo umelika
kwa kukwangua sufuria isiyo na kitu.

Siku moja aliniuliza, hasa hasa unafanya nini huko?
Nikamfungulia ramani.
Akakitafuta kijiji chake kwa kidole, taratibu,
kidole kikaacha ukungu kwenye kioo.
Nikamweleza: majimbo madogo tumeyaunganisha, Bibi,
ili kompyuta isielemewe.
"Masikini," akasema, "isielemewe."
Akaomba chai.

Namba sikuigusa. Ilipitishwa kikaoni Jumanne
na mkono wangu ulikuwa miongoni mwa iliyonyooshwa.
Nilichofanya, wenzangu walipokwisha kuvaa makoti,
ni kuongeza mstari mmoja:
ukikibonyeza kitufe kile, mchezo unasimama.
Sekunde nne.
Muziki hakuna. Hakuna picha ya kusubiria,
hakuna methali ya kumfunza mchezaji.
Jimbo linabaki pale, vijumba vyake vimewaka taa,
na wewe unalitazama.
Kisha linaondoka, kwa nusu bei.

Kwenye orodha nikaiweka chini kabisa, penye Mengineyo,
kati ya rangi ya ngao na herufi iliyokosewa:
Muda wa kuhamisha wakazi umerekebishwa.

Jumatatu Renārs ameleta taarifa.
Mchezo unakwama, ameandika, na kwa uangalifu wake
ameambatanisha picha, toleo, aina ya kompyuta.
Namna ya kurudia tatizo:
chagua jimbo,
bonyeza,
subiri.

Hiyo "subiri" nimeisoma mara mbili.
Nimejibu: Si hitilafu.

Ojārs amekuja kusimama nyuma ya kiti changu,
amesoma, amekuna ndevu.
"Itoke toleo lijalo," amesema.
Nimeitikia kwa kichwa.
Toleo lijalo ni la mwezi Machi.